Cheche Iwahi, Lakini Isiwahi Mno

Katika gereji nyingi za mtaani, fundi akitaka kupanga taimingi ya Corolla ya zamani, yaani wakati wa kutoka kwa cheche, hulegeza boliti za distributa, huizungusha kidogo kidogo huku akisikiliza, na injini ikichangamka hukaza boliti na kusema kazi imekwisha. Mwenye gari huondoka ameridhika. Lakini katika kazi hii hakuna kipimo kinachodanganya kama sikio, na kila mwenye gari lenye distributa anapaswa kujua kwa nini.

Pistoni hupanda ikigandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, moto huwaka na kuisukuma pistoni chini. Wengi hudhani mchanganyiko huo hulipuka papo hapo. Hapana, unaungua, na moto huhitaji takriban milisekunde 2 kusambaa kutoka kwenye plagi hadi kwenye kuta za silinda. Ni muda mfupi mno, ila krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, haisubiri. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hugeuka digrii 18 katika kila milisekunde, maana yake moto utakapomaliza kusambaa krenki itakuwa imekwenda digrii 36. Ndiyo sababu cheche hutolewa pistoni ikiwa bado inapanda, ili shinikizo kubwa kabisa liikute imevuka kilele na kuanza kushuka.

Kadiri mwendo unavyoongezeka, cheche nayo inatakiwa kuwahi zaidi. Madereva wa Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, walifanya kazi hiyo kwa mkono, kwa wenzo uliokuwa kushoto mwa usukani. Aliyesahau kuirudisha cheche nyuma kabla ya kupiga hendeli aliweza kuvunjika mkono, kwani injini ilirudi kinyume kwa nguvu. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na vizito vidogo ndani ya distributa, vinavyotanuka kadiri mwendo unavyokua, na kisha kompyuta.

Cheche ikichelewa, moto huikimbiza pistoni ambayo tayari inashuka. Gari hukosa nguvu, eksozi hupata joto kupita kiasi, petroli huisha bila faida. Ikiwahi mno, shinikizo hujengeka pistoni ikiwa bado inapanda, na mchanganyiko uliobaki pembeni hujiwasha wenyewe kwa kishindo. Hapo ndipo, ukipanda mlima, unaposikia injini ikigonga, mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Tafadhali usiuzoee mlio huo. Ukiachwa uendelee, hutoboa pistoni na kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Sasa turudi kwenye sikio. Gari likiwa limesimama, ukiwahisha cheche mizunguko huongezeka na sauti huwa nyepesi, ya kupendeza. Injini isiyo na mzigo huvumilia cheche ya mapema kwa sababu silinda zake zimeingiza hewa kidogo. Weka abiria wanne na mizigo, kanyaga mafuta kwenye kilima, na uvumilivu huo unakwisha. Kwa hiyo fundi anayefuata sauti huelekea kuwahisha kupita kiasi, hata akiwa mzoefu. Mwinuko nao una mchango wake. Gari la kabureta lililopangwa kwa sikio Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, linaweza kwenda vizuri huko na kuanza kugonga likifika Mombasa, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito na huongeza shinikizo ndani ya silinda.

Kipimo cha kweli ni taa ya taimingi. Nyaya zake mbili hushikizwa kwenye betri, na kibanio chake hubana waya wa plagi namba 1. Kila cheche inapopita, taa humulika mara moja, na ukiielekeza kwenye puli ya krenki, alama iliyochongwa hapo huonekana kama imesimama mbele ya mizani yenye namba za digrii.

Tuchukue Corolla yenye injini ya 5A-FE, ambayo wengi wetu tunaijua. Injini iwe imepata moto wa kawaida, gia iwe nyutro, breki ya mkono imevutwa, taa za gari na kiyoyozi vimezimwa. Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi, na chini ya kifuniko chake matundu yameandikwa majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo roho ya kazi yote. Bila waya huo kompyuta huendelea kuisogeza cheche mbele na nyuma ili kutuliza mizunguko, nawe unapima kitu kinachokukimbia. Hakikisha tu umesoma majina vizuri, kwa maana kuunganisha matundu mengine kunaweza kuunguza fyuzi au kuleta hasara kubwa zaidi.

Alama sasa inatakiwa kusimama kwenye digrii 10 kabla ya kilele. Kama haipo hapo, legeza boliti za distributa na uizungushe taratibu: kinyume na mzunguko wa rota iliyo ndani yake cheche huwahi, kufuata mzunguko huo huchelewa. Kaza, kisha pima tena, kwani distributa hupenda kusogea wakati wa kukaza. Toa waya. Jihadhari na feni na mikanda, na usishike nyaya za plagi injini ikiwaka.

Ikiwa distributa imefika mwisho wa nafasi yake na alama bado haijafika 10, acha kuilazimisha. Mara nyingi mkanda wa taimingi umeruka jino, na kuzungusha distributa kutaficha kosa huku valvu zikiendelea kufunguka wakati usio wao. Hata puli yenyewe inaweza kusema uongo, kwa kuwa nyingi zina mpira katikati, na mpira ukichoka pete ya nje huteleza pamoja na alama. Chomoa plagi namba 1, zungusha krenki kwa spana mpaka pistoni ifike juu kabisa, uone kama alama inasoma sifuri.

Kwa magari ya pointi, panga nafasi ya pointi kwanza, maana nafasi hiyo ikibadilika taimingi nayo hubadilika. Katika mengi yenye bomba la ombwe kwenye distributa, lichomoe na uzibe mdomo wake kabla ya kupima.

Toyota IST, Vitz na nyingine zenye injini za 1NZ-FE au 2NZ-FE hazina distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayoamua cheche itoke lini. Fundi akikutoza pesa za kupanga cheche kwenye injini hizo, mwombe akuonyeshe anachozungusha. Na kwa Corolla yako, muulize kabla hajashika spana kama ana taa ya taimingi. Kama hana, tafuta aliye nayo.