Somo la Redio: Ruhusa ya Kupiga Yatoka Wapi?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: RUHUSA. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti. Vema. Sasa tusikilize.

Leo twazungumza juu ya mume ampigaye mkewe. Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya ndani." Lakini si ya nyumba moja. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi 10, Tanzania ikiwamo. Wanawake waliulizwa kwa faragha. Dar es Salaam, katika kila wanawake 100 waliopata kuwa na mume au mpenzi, 41 walisema wamepata kupigwa naye au kulazimishwa kitandani. Mkoani Mbeya walikuwa 56.

Sababu yake nini? Watu husema ni pombe. Kweli, pombe huongeza hatari, na shida ya fedha pia. Lakini jiulizeni: mlevi huyo, mbona hampigi bwana wake wa kazi? Mbona hampigi polisi? Huwapita hao wote, akafika nyumbani akampiga mkewe. Maana yake, anadhani hapo amepewa ruhusa. Huo ndio mzizi.

Ruhusa hiyo hufundishwa. Mtoto wa kiume akimwona baba akimpiga mama, aweza kukua akidhani ndivyo mume alivyo. Msichana naye aweza kujifunza kunyamaza. Si wote wawao hivyo, lakini hatari huzidi. Tena mke asiye na fedha yake mwenyewe huona taabu kuondoka, maana hana pa kwenda.

Angalieni dalili. Mume humkataza mkewe kuwaona ndugu zake. Humnyang'anya fedha zake. Husema, "Nitakuua." Maneno hayo yasidharauliwe hata kidogo.

Sasa, sheria yasemaje? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Haikusema, "ila kama amelipa mahari." Haikusema, "ila kama chakula kimeungua." Basi ruhusa hiyo haipo.

Aliyeumizwa aende hospitali, na apeleke habari polisi. Huko huandikiwa fomu iitwayo PF3. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto la kusikiliza mambo haya.

Nawe jirani, ukisikia kilio usiku, usiulize, "Amekosa nini?" Ukiuliza hivyo, nawe umetoa ruhusa. Muulize, "Umeumia wapi? Twende."

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini pombe si sababu ya kutosha?
2. Kifungu cha 66 chasema nini?
3. Katika mtaa wenu, mwanamke aliyepigwa aweza kukimbilia kwa nani?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.