Njuga si mikwaruzo

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara ni kilomita chache tu, na miembe haikosekani njiani. Mwisho wa safari unakuta tembe la udongo lenye mlango wa nakshi wa kipwani. Limejengwa upya mahali alipokaa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872, kwanza akiwa na mwandishi wa habari Stanley, kisha peke yake akingoja wapagazi, mpaka alipoondoka Agosti 25. Ndani kuna picha, ramani na nakala za maandishi. Mgeni anatazama, anasoma, anatia sahihi kwenye kitabu, anarudi mjini. Mimi kila nikifikiria tembe lile hujiuliza mgeni huyo angepaswa kusikia nini.

Maana njia hii haikuwa ya kimya. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na misafara iliikata kwa kelele. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, aliandika juu ya kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyetangulia na bendera nyekundu, ngoma ikimfuata nyuma, baragumu zikilia, na wapagazi wakipaza sauti kila walipokaribia kijiji. Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, na Kwihara ni kituo kimojawapo. Siku moja mtu ataleta spika. Ataweka nini?

Wenzetu wanaoishi kwa kuuza kumbukumbu kwa watalii walishaulizana swali hilo. Bustani ya burudani ya Disneyland, California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina muziki kila kona, na ilipotimiza miaka 50 ilitolewa seti ya CD 6 za muziki wake. Wapenzi wa muziki huo hubishana mpaka usiku: nakala ipi imetoka kwenye tepu ya kwanza, ipi imepakwa poda. Nilidhani ni ubishi wa watu wenye nafasi. Nilipoanza kufuatilia zilipo nyimbo za njia ya misafara nikaukuta ubishi uleule, ila kwetu ni mzito zaidi, kwa sababu waliozinasa nyimbo hizo walizinasa mara moja tu, na walioimba hawapo.

Tukubaliane kwanza kwamba sauti ya mwaka 1872 haipo popote. Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877, Livingstone akiwa ameshafariki miaka minne kabla. Reli iliingia Tabora mwaka 1912 na kuua kazi ya upagazi. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo penye dirisha, na walioshika funguo zake ni Wajerumani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo na fonografu. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, watu wa Tabora, naye akanasa nyimbo zao pia. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, msimamizi wa hifadhi ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, alichapisha utafiti juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos. Fikiria: wimbo wa mtu aliyezaliwa Unyamwezi unaandikwa noti Berlin, kabla Tabora haijasikia honi ya treni.

Hapa inafaa kujua chombo chenyewe kilivyofanya kazi. Fonografu haikuwa na umeme wala maikrofoni. Mwimbaji alisogeza mdomo kwenye pembe kubwa ya bati. Sauti yake ikatikisa kiwambo chembamba, kiwambo kikasukuma sindano, na sindano ikachora mfereji kwenye silinda ya nta inayozunguka kwa nguvu ya springi. Baada ya dakika mbili au tatu, silinda imejaa. Sauti ya mtu ilipita vizuri. Milio myembamba sana ilipotea, na mizito nayo ilipotea. Ngoma kubwa, ile inayosikika kifuani kabla ya masikioni, haikuacha alama ya maana kwenye nta. Kwa hiyo Wanyamwezi wa silinda ni watu wanaoimba bila ngoma, na msikilizaji asiyejua anaweza kudhani ndivyo walivyoimba.

Kisha yakafuata masaibu ya silinda zenyewe. Nta huchakaa kila inapopigwa, basi Berlin wakawa wanaipaka shaba, wanaiyeyusha nta iliyo ndani, na ile shaba inabaki kama kalibu ya kutolea nakala mpya. Ili wimbo usife, nta iliyoushika kwanza iliteketezwa. Vita vya Pili vilipokwisha Wasovieti wakazichukua silinda nyingi hadi Leningrad. Baadaye zikarudi Berlin Mashariki, na mwaka 1991 zikaungana tena na hifadhi yake. Mwaka 1999 UNESCO ikaiandika hifadhi hiyo katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo unaposikia mkwaruzo katika wimbo wa aina hiyo, unasikia nta, shaba, na nta tena.

Mafundi wengi huanza na mikwaruzo. Kwa maoni yangu wanaanzia pasipostahili. Cha kwanza ni kasi. Springi ya fonografu haikuwa na uaminifu. Silinda ilitakiwa kuzunguka kama mara 160 kwa dakika, lakini waliotaka kubana wimbo mrefu walipunguza mwendo, na springi iliyochoka ilipunguza yenyewe. Hornbostel na wenzake walilijua hilo. Waliwaagiza wasafiri wapulize kwanza filimbi ndogo ya kupimia, yenye mitetemo 435 kwa sekunde, ndipo mwimbaji aanze. Fundi wa leo akiipata filimbi hiyo mwanzoni mwa silinda, anarekebisha mwendo mpaka filimbi ifike 435, na hapo anajua kwamba mwimbaji naye yuko mahali pake. Asipoipata, anabahatisha. Akikosea kwa asilimia 10 tu, sauti inapanda karibu noti nzima: mzee anakuwa kijana, na mwendo wa taratibu unakuwa mchakamchaka.

Kwa wimbo wa wapagazi, kosa hilo si dogo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei, kichwani au begani, jua likiwa wima. Wimbo wa safari ulipimwa kwa nyayo. Nikisikia nakala iliyosafishwa vizuri, sauti inang'aa kama sahani mpya, lakini mdundo wake haumruhusu mtu mwenye frasila mbili kuinua mguu, najua kwamba aliyeisafisha hakuuliza mzigo ulikuwa na uzito gani. Wimbo wa kambini usiku ni jambo jingine. Huo una haki ya kwenda mbio.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi, na kazi yake imo leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, iliyo Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Sehemu yake ilitolewa upya kwenye CD na kampuni ya SWP ya Utrecht, Uholanzi. Sauti ni nzuri ajabu kwa umri wake. Lakini Tracey alikuwa akiishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa chombo alichotaka kisikike. Yeye mwenyewe alikuwa mchanganyaji. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kwamba kuna rekodi isiyoguswa na mtu. Kutoka maktaba hiyo hiyo nakala za nyimbo za Wakipsigis zilipelekwa Kenya miaka ya karibuni, zikasikilizwa na jamii iliyoziimba. Tabora nayo ina haki ya kungoja mgeni wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye muziki ambao wengi wetu tunaumiliki sisi wenyewe, ule wa dansi. Tabora ilikuwa mji wa bendi. Kiko Kids ya Salim Zahoro ilianzia hapa. Western Jazz iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu waliotoka magharibi, ndiyo maana ya jina. Tabora Jazz, pamoja na mtindo wake wa segere matata, iliipa Tanzania Shem Karenga na "Dada Asha". Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, basi bendi ilikuwa na njia mbili: studio ya Radio Tanzania, ambako wimbo ulibaki kwenye tepu ya redio, au safari ya Nairobi, ambako ulitoka kwenye santuri ndogo. Na njia ya tatu, isiyo rasmi, ndiyo iliyotulea: kaseti zilizonaswa kutoka redioni.

Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti aliyoilinda kuliko baiskeli. Betri zilipochoka alizianika juani, zikapata uhai wa nusu saa, naye akawahi kunasa nyimbo. Miaka mingi nilishangaa kwa nini katika kaseti zake Shem Karenga anaimba kama mtoto wa darasa la tatu. "Betri, mjomba," aliniambia siku nilipomuuliza. Kwetu jina hilo hutumika pande zote mbili. Mashine iliyonasa ikiwa inakokota, ukija kupiga kwa betri mpya wimbo unakimbia. Yaleyale ya springi ya fonografu, tena sebuleni kwetu.

Tepu za redio zina ugonjwa wao. Studio ziliendesha tepu kwa sentimita 19 au 38 kwa sekunde, na ukikosea mashine, wimbo unashuka au kupanda oktava nzima ya noti nane. Baadhi ya tepu hufyonza unyevu, na pwani hakukosekani unyevu. Gundi inayoshika unga wa sumaku inalainika, na ukiipiga unga unabaki kwenye mashine. Mafundi huzioka kwa joto dogo, saa kadhaa, kisha wanazipiga haraka na kuzinakili. Tepu za kale za asetati haziokwi; ukizioka umeziua. Ndiyo maana kazi hii haifai kupewa mtu mwenye kompyuta tu.

Na kompyuta ndiyo inayonitia hofu kubwa. Programu za kusafisha sauti hufanya kazi kwa kufundishwa: unaionyesha sekunde chache za chakarachakara tupu, inajifunza umbo lake, kisha inaliondoa popote inapolikuta. Sasa niambie, njuga za miguuni zinalia vipi? Manyanga je, na kayamba? Navyo ni chakarachakara kwa asili. Programu haina namna ya kujua kwamba huu ni mkwaruzo wa santuri na huu ni mguu wa mchezaji. Unavuta kitufe, kelele inatoweka, na mchezaji anatoweka nayo. Kinachobaki kinaimba kama mtu aliyemo ndani ya pipa la maji. Katika rekodi za dansi anayekufa kwanza ni mpiga maraka, halafu sahani za drams. Nimesikia nyimbo za zilipendwa mtandaoni ambazo bendi nzima imepungua watu wawili.

Msimamo wangu, basi. Nakala ya kwanza itolewe kama ilivyo, bila kuoshwa, kwa ubora wa juu, biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, ifungiwe isiguswe. Katika nakala ya kusikiliza, kasi irekebishwe, kwa sababu kasi mbovu ni uongo. Mlio mkali wa ufa uondolewe mmoja mmoja kwa sikio la mtu. Sauti ya mtangazaji iliyokatiza wimbo iachwe, hiyo nayo ni historia. Na yeyote anayefikiria kuongeza ngoma nzito chini ya sauti za silinda za Berlin ili zipendeze kwa watalii, aache. Ngoma hiyo haikunaswa. Kama Kwihara inahitaji ngoma, vikundi vya Tabora bado vinapiga. Wapewe ua wa tembe, walipwe, na mgeni aambiwe kwamba anachosikia ni cha leo. Kisha, ndani, kwenye chumba kidogo, awekewe silinda na mikwaruzo yake yote.

Nawe msomaji, kama kabatini kwako kuna kaseti au tepu ya bendi za huku, usiijaribu kwenye redio ya kwanza utakayoiona, na usiianike juani. Usiifute juu kwa kitambaa chenye maji. Iweke wima, mbali na spika, kwenye mfuko mkavu, na uandike kwenye karatasi nani anaimba, nani alinasa, wapi, mwaka gani, na kama unakumbuka, betri zilikuwa mpya au kuukuu.