Wokovu Unaorudisha Mali ya Watu: Mafundisho ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ulizaliwa ndani ya Kanisa la Anglikana mwishoni mwa miaka ya 1920, kati ya kituo cha misheni cha Gahini nchini Rwanda na kilima cha Namirembe huko Kampala. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mafundisho yao yalikuwa yale ambayo Wakristo waliyasikia tangu katekisimu: mwanadamu ni mwenye dhambi, Kristo amekufa kwa ajili yake, na msamaha hupatikana bure kwa imani. Jipya lilikuwa mahali pa kuyapimia. Wokovu wa mtu uliulizwa kwa mkewe, kwa aliowauzia bidhaa na kwa mwajiri aliyepotewa na vitu vyake.

Kanisa la Uganda wakati huo lilikuwa na umri wa nusu karne tu, maana wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika mwaka 1877. Katika muda huo mfupi ubatizo ulikuwa umegeuka mlango wa shule, cheo na heshima, na wengi walibeba majina ya Kikristo pasipo badiliko lolote nyumbani. Jambo hilo lilimkera Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Lilimkera pia Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, ambaye alikuwa amechoshwa na njaa kali iliyoipiga Rwanda mwaka 1928 na 1929. Septemba 1929 wawili hao walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alirudi Gahini mtu mwingine.

Kisa kinachoonyesha vizuri mafundisho yao ni cha Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali hiyo ya Gahini. Mambo wodini yalikuwa yameharibika: watumishi walikuwa wavivu, wakinung'unika na kugombana. Alipofika Kampala mwaka 1931, Kinuka alimweleza Nsibambi matatizo hayo yote akitarajia kupewa pole. Nsibambi alimjibu kwamba chanzo ni dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Jibu hilo lilimuuma, lakini njiani kurudi alikubali kuwa ni kweli, akatubu. Kazi ya hospitali ilianza kubadilika kutoka kwake.

Hapo ndipo toba yao inapoachana na ile iliyozoeleka kanisani. Sala ya maungamo inayosomwa na kusanyiko zima humruhusu kila mtu kujificha nyuma ya mwenzake. Ndugu wa Uamsho walitaka dhambi itajwe kwa jina na mwenyewe, mbele ya watu, na kama kuna aliyedhulumiwa, aendewe. Zakayo wa Injili ya Luka ndiye aliyekuwa kielelezo, kwa kuwa aliahidi kurudisha mara nne alichokinyang'anya. Watu walirudisha mali walizoiba kwa majirani, kwenye misheni na hata serikalini. Kurudisha hakukuhesabiwa kuwa bei ya wokovu, maana hapo neema isingekuwa neema tena. Kulikuwa dalili kwamba mtu amekwisha kuupokea.

Mwenendo huu waliuita kutembea nuruni, kwa kufuata sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Kuokoka kuna siku yake, lakini dhambi huendelea kumrudia aliyeokoka, naye hana budi kurudi msalabani kila siku. Ndiyo maana ushuhuda katika mikutano yao hauishii kwenye habari za zamani. Ndugu husimama, akasema jinsi Yesu alivyomwokoa, kisha akaeleza la wiki hii: amemfokea mkewe, au amemwonea wivu mwenzake aliyepandishwa cheo. Wenzake humjibu kwa wimbo wa Kiganda Tukutendereza Yesu, unaoimbwa leo hata na wasiojua neno lingine la lugha hiyo. Wamisionari nao walisimama hivyo hivyo na kukiri kiburi cha rangi yao. Katika enzi ya ukoloni, Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha hadharani halikuwa jambo dogo.

Kuhusu msamaha wenyewe, fundisho linaegemea mfano wa Mathayo 18. Mtumishi anasamehewa talanta 10,000, halafu anamkaba mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku, na talanta moja ilihesabiwa kuwa dinari 6,000 hivi. Deni la kwanza basi ni ujira wa siku milioni 60, ambao hakuna kibarua angeweza kuulipa; la pili ni la miezi mitatu au minne. Yesu hasemi kwamba dinari 100 si kitu. Ni fedha nyingi kwa maskini, na aliyeumizwa ameumizwa kweli. Anasema tu kwamba aliyefutiwa lile kubwa hana tena haki ya kumkaba mwenzake koo.

Festo Kivengere wa Kigezi nchini Uganda, ambaye baadaye alikuwa askofu, alilijua jambo hili kwa vitendo. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli akasafiri kilomita 80 hivi kumwendea Mzungu aliyekuwa akimchukia, akamwomba radhi. Mtihani mkubwa zaidi ulimjia mwaka 1977, pale Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, naye Kivengere akalazimika kukimbia nchi. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla yeye mwenyewe, akamsamehe. Hakuacha kuulaani udhalimu wake, na wanaodhani kusamehe ni kunyamaza wamesoma nusu ya kisa. Kenya nako, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi walikataa kula kiapo cha wapiganaji na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Fundisho la kuridhika na hali ndilo lililowagawa ndugu. Paulo aliwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, ashibe au aone njaa. Ndugu wengi walielewa kuwa muumini afanye kazi, asomeshe watoto, lakini asiifanye mali kuwa kipimo cha upendo wa Mungu. Kundi la Uganda lililojiita Bazukufu, yaani walioamshwa upya, lilikwenda mbali zaidi: likakataza mikopo, na waliokopa wakahesabiwa kuwa wamerudi nyuma. Kosa lao lilikuwa kugeuza uhuru kuwa sheria. Aliyeridhika anaweza kukopa pembejeo na asikose usingizi. Asiye na deni hata moja anaweza kuliwa na tamaa.

Ugonjwa wa kuwahukumu wengine ulikuwako tangu mwanzo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda aliyekuja kuwa mhubiri maarufu wa Uamsho, baada ya kugombana na wakuu wa chuo kuhusu mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao makali. Pande zote mbili zilikuwa na makosa. Hata hivyo Balokole walio wengi hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki katika makanisa yao, na wakatoa viongozi kama Erica Sabiti, Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo lililojumuisha Uganda, na Josiah Kibira wa Bukoba nchini Tanzania, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia 1977 hadi 1984.

Rwanda ndiko kulikotokea jaribio gumu kuliko yote la mafundisho haya. Nchi iliyokuwa chimbuko la Uamsho iliingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994, watu wakauawa hata makanisani, na viongozi wa kanisa wakalaumiwa kwa ukaribu wao na serikali. Maungamo ya ndugu yaligusa wizi, uzinzi, ulevi na hasira. Chuki ya kikabila ilitajwa mara chache mno, na hiyo ndiyo dhambi iliyokuja kuua.