Motokaa ya Zamani na Maji ya Rejeta

Mtu asafiriye kutoka Kisumu kwenda Kakamega hupanda mlima tangu Mamboleo hata apite Kiboswa. Si ajabu kuona hapo, kando ya njia, motokaa ya zamani iliyosimama, kifuniko cha injini kimeinuliwa, mvuke watoka, na dereva ameshika dumu mkononi akienda kutafuta maji kijitoni. Baada ya muda humimina maji yale katika rejeta, akaendelea na safari yake, akidhani kwamba mambo yamekwisha. Kumbe ndipo yaanzapo.

Kwa watu wengi motokaa ya zamani si anasa. Ndiyo ipelekayo mahindi na maziwa sokoni, na mgonjwa hospitali usiku. Na mara nyingi ilinunuliwa kwa akiba ya miaka mingi. Injini ikipata joto kupita kiasi, hata mara moja tu, kichwa cha silinda chaweza kupindika na gasketi yake ikaungua. Matengenezo yake huweza kushinda thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari ajue ni kitu gani kinachofaa kutiwa ndani ya rejeta, na kwa sababu gani.

DAWA HII NI YA NINI?

Katika joto lote litokalo katika petroli, karibu theluthi moja huingia katika maji yazungukayo injini, nayo maji huenda kulitoa katika rejeta. Dawa inayochanganywa na maji hayo mafundi huiita kulanti. Wengi husema, "Dawa hiyo ni ya nchi za barafu, Kakamega hakuna barafu, basi ya nini?" Ni kweli kwamba yazuia maji yasigande, lakini inazo kazi nyingine mbili ambazo zatuhusu sana.

Kazi ya kwanza ni kuzuia maji yasichemke upesi. Mombasa, katika usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Kakamega iko juu kiasi cha mita 1,500, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi zaidi, maji huchemka yafikapo digrii 95 hivi. Kifuniko cha rejeta chenye springi hulipa upungufu huo kwa kuyafungia maji yakae katika mgandamizo: kifuniko cha ratili 7 huongeza digrii 12 hivi, na cha ratili 13 huongeza digrii 20 hivi. Dawa nayo huongeza digrii chache juu ya hizo. Lakini kifuniko kikilegea au mpira wake ukichakaa, faida hiyo ya mgandamizo hupotea. Wala usitie kifuniko cha ratili 13 katika rejeta iliyotengenezwa kwa ratili 7, kwa maana yaweza kupasuka katika maungio yake.

Kazi ya pili, nayo ndiyo kubwa kwetu, ni kuzuia kutu. Ndani ya injini ya zamani chuma, alumini, shaba na risasi hukaa pamoja katika maji yale yale. Metali mbalimbali zikikaa hivyo, maji yasiyo na dawa huzila. Kutu ya chuma huvunjika ikawa tope jekundu, nalo huziba mirija myembamba ya rejeta. Basi yule dereva wa mlimani aliongeza maji, lakini pia aliongeza tope na kutu. Safari ijayo gari litachemka mapema zaidi.

CHAGUA KWA METALI

Kabla ya kwenda dukani, uliza kwanza: gari langu limetengenezwa kwa metali gani? Hapo pana makundi matatu.

Kundi la kwanza ni magari yenye rejeta ya shaba iliyoungwa kwa lehemu ya risasi. Hayo ni kama Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ndugu yake 504, na Land Rover za zamani. Tena katika Peugeot hizo silinda ni mapipa yanayoweza kutolewa, nayo yamezungukwa na maji pande zote; kutu ikila mahali pa mihuri ya chini, maji huingia katika oili. Magari ya namna hii hufaa dawa ya desturi ya zamani yenye silikati, ambayo huandikwa herufi IAT kwenye kopo. Dawa za asidi ogania, zenye herufi OAT, zilizoenea tangu miaka ya 1990, hukaa muda mrefu, lakini zilitengenezwa hasa kwa ajili ya injini na rejeta za alumini. Baadhi yake hazilindi lehemu ya risasi vyema, na zaweza kulainisha gasketi na mihuri ya namna ya zamani.

Kundi la pili ni magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 na baadaye, kama Toyota Corolla, ambayo ni mengi katika njia zetu. Rejeta zao kwa kawaida ni za alumini zenye vichwa vya plastiki. Watengenezaji wake hutaka dawa yenye fosfati, isiyo na silikati. Kitabu cha gari kikiwapo, kifuate. Kikiwa kimepotea, mwulize fundi ayajuaye magari hayo.

Kundi la tatu ni Volkswagen ya zamani ya umbo la kobe. Hiyo haina rejeta kabisa. Injini yake hupozwa kwa upepo wa feni. Mwenye gari hilo atunze mkanda wa feni na kuondoa taka zinazozuia upepo.

Ikiwa rejeta ya kwanza iliondolewa na kutiwa nyingine, usikisie. Kifaa cha kupasha joto ndani ya gari huenda bado ni cha shaba, ijapokuwa rejeta mpya ni ya alumini. Mwambie fundi avitazame vyote viwili.

RANGI ISIKUDANGANYE

Watu wengi huchagua kwa rangi: kijani kwa gari hili, nyekundu kwa gari lile. Hilo ni kosa. Rangi hutiwa na mtengenezaji apendavyo, na dawa mbili za kijani zaweza kuwa tofauti kabisa. Watu wa Kakamega, ambako dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1931, hawahitaji kufundishwa kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Soma maneno ya kopo: ni ya namna gani, na ina alama gani ya ubora, kama ASTM D3306 au BS 6580. Jihadhari pia na maji matupu yaliyotiwa rangi na kuuzwa kwa bei rahisi. Fundi mwenye kipimo cha kuelea aweza kukuonyesha mara moja kama dawa imo au haimo.

Wala usichanganye dawa za namna mbili. Pengine hugeuka kuwa uji mzito na kuziba rejeta, na hata zisipogeuka, nguvu ya kuzuia kutu hupungua.

MAJI NA KIASI CHAKE

Dawa nyingine huuzwa zikiwa tayari zimechanganywa. Hizo usiziongezee maji. Nyingine ni kali, nazo hazina budi kuchanganywa. Katika nchi yetu isiyo na barafu, sehemu moja ya dawa kwa sehemu mbili za maji yatosha kwa magari mengi, isipokuwa kopo au kitabu cha gari kitaje kiasi kingine. Kama injini na rejeta yachukua lita 6, tia lita 2 za dawa na lita 4 za maji. Usidhani kwamba dawa tupu ni bora zaidi: maji huchukua joto kuliko dawa, na gari lililotiwa dawa tupu hupata joto zaidi.

Maji yenyewe yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, yauzwayo kwa ajili ya betri. Angalia sana usipewe asidi ya betri badala yake. Yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kuosha mabati, yakachujwa kwa kitambaa safi, ni bora kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi huacha ukoko kama ule wa birika. Maji ya mto Isiukhu wakati wa mvua hubeba udongo. Yatumie kwa dharura tu, kisha uyamwage yote ufikapo nyumbani na kujaza upya.

KUBADILISHA NA KUJIHADHARI

Dawa ya desturi ya zamani hubadilishwa kila miaka miwili, kwa maana nguvu yake huisha hata kama rangi ingali nzuri. Mwaga ya zamani injini ikiwa imepoa, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha jaza polepole ili hewa itoke. Fundi akikushauri kuondoa themostati ili gari lisichemke, kataa. Injini isiyopata joto lake hutumia petroli nyingi na huchakaa upesi, na sababu ya kuchemka hubaki pale pale.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyogandamizwa hulipuka na kuunguza uso na mikono. Ngoja mpaka uweze kukishika bila kuumia, hata kama abiria wanalalamika.

Mwisho, dawa hii kwa kawaida ni sumu kali, nayo ina ladha tamu. Mtoto au mbwa huweza kuinywa kwa furaha, na kiasi kidogo chaweza kuua. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda, wala usiimwage mferejini au karibu na kisima. Mtu akiinywa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama aonekana mzima, wala usingoje dalili.

Kopo moja la dawa ifaayo ni gharama ndogo ukilinganisha na kichwa cha silinda kilichopindika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.