Nusu ya darasa, nusu ya kazi

Mwaka 1979, katika shule za kawaida kusini mwa India, N. S. Prabhu na wenzake walianza kufundisha Kiingereza bila orodha ya sarufi. Watoto walipewa kazi za kufikiri, mathalani kusoma ramani na ratiba za treni. Mradi huo, unaojulikana kwa jina la Bangalore, uliendelea hadi 1984.

Sarufi ikiondolewa, mwalimu atajuaje kazi ipi itangulie? Tazama ratiba ya treni. Kwanza mtoto anasema treni inaondoka saa ngapi. Kisha anakokotoa safari itachukua muda gani. Baadaye anaulizwa: mtu mwenye kikao mchana mji wa pili, na anayetaka kulala kwake usiku huohuo, apande ipi? Ratiba haijabadilika, maneno karibu ni yaleyale, ila hatua za kufikiri zimeongezeka.

Kabla ya kila kazi, mwalimu alifanya nyingine inayofanana nayo pamoja na darasa zima, akiuliza na kusikiliza. Ndipo kila mtoto akafanya yake. Kipimo cha Prabhu kilikuwa chepesi: kazi inafaa ikiwa angalau nusu ya darasa wameweza angalau nusu yake. Nakithamini sana kipimo hiki, kwa kuwa kinamwachia uamuzi mwalimu anayewaona watoto, wala si mwandishi wa kitabu aliye mbali.

Wataalamu waliofuata walibishana kuhusu kinachotokea kazi inapozidi kuwa ngumu. Peter Skehan anasema umakini wa binadamu una kikomo. Kazi ikilemea, mwanafunzi atapoteza ama ufasaha ama usahihi. Peter Robinson anaona kwamba kazi inayodai sababu na hoja humsukuma atafute lugha pana na sahihi zaidi. Hata hivyo, wote wawili wanakubali kuwa muda wa kujiandaa hupunguza uzito.

Kwa Tanzania jambo hili ni zito. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta lugha ngumu, yaani Kiingereza, na mada ngeni kwa pamoja. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuitenganisha mizigo hiyo: aanze na mchoro wa ua ambalo darasa linalijua tayari, wataje sehemu zake kwa Kiingereza, wajiandae wawili wawili, na swali la kwa nini nyuki asipofika tunda halipatikani lije kipindi kinachofuata.