Chachu ya kahawa Mbinga: kazi ipo, biashara bado

Mkulima wa kahawa wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, hununua mbolea, viuatilifu na magunia. Chachu inayoondoa utelezi kwenye punje zake haigharimu hata shilingi. Kahawa mbivu ikishamenywa huvundikwa kwenye tangi, na katika vijiji vya juu vya Umatengo, ambako baridi ya Juni na Julai hukaza, kazi hiyo huweza kuchukua siku mbili au zaidi. Mtu hutumbukiza mkono, huchota punje na kuzisugua. Zikikwaruza kama changarawe, utelezi umekwisha na muda wa kuosha umefika.

Mwaka 2004 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walichapisha uchunguzi wa arabika iliyovundikwa Tanzania. Kati ya chachu zilizotawala ilikuwemo Pichia anomala, ambayo siku hizi huitwa Wickerhamomyces anomalus. Chachu hiyo hutoa vimeng'enya vinavyovunja pektini, gundi ya ule utelezi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa hudumaza pia kuvu Aspergillus ochraceus, mzalishaji wa sumu ya okratoksini A.

Kwa muuzaji, sumu hiyo ni suala la soko. Januari 2023 Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo chake katika kahawa iliyokaangwa kutoka mikrogramu 5 kwa kilo hadi 3. Kahawa inayokaushwa ovyo au kupata unyevu ghalani ndiyo iliyo hatarini zaidi. Chachu haitachukua nafasi ya vichanja vya kuanikia, ila inaweza kuongeza kinga.

Wengine tayari wanafanya biashara. Kampuni ya Lallemand ya Canada huuza chachu kavu za kuvundikia kahawa kwa jina LalCafé, za jamii moja na hamira ya mkate. Mnunuzi analipia uhakika: tangi la leo litoke sawa na la juzi. Chama cha ushirika kinachokusanya kahawa ya wakulima wengi kinauhitaji uhakika huo, lakini bidhaa ya kuagizwa nje huja na gharama za usafirishaji na fedha za kigeni.

Nje ya kahawa, W. anomalus ina kazi nyingine. Nchini Sweden imejaribiwa kuzuia ukungu kwenye nafaka iliyofungiwa hewa. Huko California imejaribiwa dhidi ya kuvu wa sumukuvu kwenye pistachio. Chuo Kikuu cha Delhi, India, kiliikuza kwenye molasi ili kupata fitasi, kimeng'enya kinachoisaidia mifugo kufaidi fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka na pumba. Mkoa wa Ruvuma unaolima mahindi kwa wingi una sababu ya kufuatilia yote matatu.

Lililo karibu zaidi ni maji machafu. Maji ya kumenyea na kuoshea kahawa huwa machachu, yamejaa sukari na pektini. Yakiingia mtoni hunyang'anya viumbe oksijeni. Kutoka milima ya Matengo maji hushuka pande mbili: mengine kwa wavuvi wa usipa wa Mbamba Bay na Liuli, Ziwa Nyasa, mengine kwenye mto Ruvuma hadi Bahari ya Hindi. W. anomalus huvumilia uchachu mkali, hivyo inafaa kujaribiwa kupunguza mzigo huo kabla ya maji kufika kwenye mashimo ya kutuamishia. Peke yake haitayasafisha.

Tahadhari ipo. Ikizidi, chachu hii hutoa harufu ya gundi inayoharibu kinywaji, na imewahi kuleta maambukizi kwa watoto wachanga hospitalini. Kwa hiyo haifai kukuzwa kienyeji kwenye ndoo.

Pa kuanzia papo: Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo Ugano, Mbinga. Matangi mawili yenye kahawa iliyochumwa siku moja, moja likitiwa chachu iliyochaguliwa na jingine likiachwa kama kawaida, yangetosha kumpa mwonjaji cha kulinganisha. Bei atakayotaja mnunuzi baada ya kuonja ndiyo itakayoamua kama kuna biashara.