Ngumi ya Dakika Tano: Mpenzi Mkali katika Riwaya za Michezo

Huku Bodo, kama katika vijiji vingine vya pwani ya Kwale, riwaya za mapenzi ya wanamichezo husomwa simuni. Nyingi ni za Kiingereza. Shujaa ni nahodha wa timu, mara nyingi ya magongo ya barafuni, na mapenzi yake yana giza: humvizia msichana, humpekulia simu, humtwanga kila amsogeleaye. Mwishowe huoana.

Mbona magongo ya barafuni, mchezo ambao huku kwetu hauchezwi? Nadhani jibu limo katika kanuni zake. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, wawili wakipigana ngumi hukaa nje dakika tano, kisha hurudi kucheza. Sisi wa soka tunajua ngumi ni kadi nyekundu. Mwandishi huitwaa adhabu hiyo nyepesi akaipeleka chumbani: nahodha hukosea, hununa kidogo, husamehewa.

Ufundi mwingine ni wa usimulizi. Sura hupokezana, hii asimulie msichana, ile mwanamume. Tukishaingia moyoni mwa mwanamume, tukaambiwa kwamba ukali ule ni hofu ya kumpoteza, tunaanza kumtetea. Tena msomaji anajua tangu mwanzo kwamba mambo yataishia heri, hivyo anaogopa akiwa salama. Mtafiti Janice Radway, katika kitabu chake cha 1984 kuhusu wanawake wa Marekani wasomao riwaya za mapenzi, alionyesha kwamba kusoma kuliwapa wasaa wao wenyewe, na hadithi ya mwanamume anayejifunza kujali. Haja hiyo naiheshimu, na siungi mkono kuwapokonya mabinti simu.

Lakini dhamana ile ya mwisho mwema imo kitabuni tu. Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake ya Utengano (1980), alimchora Maksuudi, anayemfungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna ndani ya nyumba. Kumiliki ni kule kule, ila hapa mwandishi anatuonyesha walivyoumia waliofungiwa, na nyumba ilivyosambaratika.

Na wanamichezo wetu halisi? Septemba 2021, mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1. Oktoba aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe akashtakiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mpenzi wake huko Trans Nzoia, akafia hospitalini Eldoret. Wanariadha walioanzisha shirika la Tirop's Angels baada ya kifo cha Agnes wamekuwa wakionya juu ya mwanamume ajaye kama kocha au meneja, kisha akashika pesa, mali na nyendo za mkimbiaji. Mwanzoni hayo yote huitwa kujali.

Kwa hiyo nawaomba wanangu wasomao: mkifika sura ya nahodha, isomeni tena mkiiondoa sauti yake. Bakizeni matendo tu. Kaja usiku bila kualikwa, kafungua simu, kamtisha rafiki. Kisha yapimeni kwa sheria: Sheria ya Kenya ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya 2015, inahesabu kumwandama mtu na kumbana kiuchumi kuwa ukatili, sawa na kupiga, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda aliyetendewa.